Kanuni ya 42

Rais wa mkutano alifika kwenye kipengele cha 2(b) cha ajenda, akakisoma kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza orodha. Kupitishwa kwa kanuni za uendeshaji wa mkutano. Akasema bado hakuna makubaliano, akapendekeza rasimu ya kanuni iendelee kutumika kama miaka iliyopita, isipokuwa kanuni ya 42. Akainua macho. Hakuna nchi iliyosimamisha kibao chake kuomba kusema. Nyundo ikagongwa, wakahamia kipengele kinachofuata.

Nilikuwa nimefungua rekodi ya ufunguzi wa mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa nikitafuta jambo jingine kabisa. Nikairudisha nyuma, nikasikiliza tena.

Isipokuwa kanuni ya 42.

Wiki zimepita na maneno hayo hayajaniacha. Nimerudi kwenye ajenda za mikutano ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, na kipengele kile kiko palepale, juu ya ukurasa, kabla mtu yeyote hajataja gesi joto, fedha wala misitu.

Kanuni ya 42 ndiyo inayohusu kura. Ndiyo ambayo ingesema nchi zifanye nini zinaposhindwa kukubaliana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi ulifunguliwa kwa saini mwaka 1992 kule Rio de Janeiro, ukaanza kutumika 1994, na kifungu chake cha 7 kinautaka mkutano wa kwanza wa nchi wanachama upitishe kanuni zake. Mkutano huo ulifanyika Berlin mwaka 1995. Kanuni hazikupita. Baada ya mikutano 30 bado ni rasimu, na kanuni ya 42 ingali na mapendekezo mawili yanayopingana, yenye mabano, alama ya maandishi yasiyokubaliwa, yakisubiri mtu wa kuchagua.

Kwa hiyo jambo linalogusa kila kiumbe mwenye pumzi linaamuliwa na chombo ambacho hakijakubaliana jinsi ya kuamua.

## Berlin, mabano yanafunguliwa

Ingekuwa rahisi kuzibebesha nchi za mafuta lawama zote. Sehemu kubwa ya lawama ni yao kweli. Saudi Arabia na Kuwait ziliona mapema kwamba kura ya wengi ingeweza siku moja kupitisha itifaki ya kupunguza matumizi ya mafuta bila ridhaa yao. Zikadai pia kiti maalumu cha wauza mafuta katika uongozi wa mkutano, kama kile walichopewa watu wa visiwa vidogo. Pembeni yao alikuwapo Don Pearlman, mwanasheria wa Washington aliyetetea maslahi ya viwanda vya nishati vya Marekani. Alijulikana kwa kukaa karibu na wajumbe hao na kuwapa ushauri, neno kwa neno, juu ya kila aya.

Lakini kuna nusu ya pili ya habari ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Nchi tajiri nazo hazikutaka kura kwenye mambo ya fedha. Nchi maskini ni nyingi, na kura ya wengi ingeweza kuamua nani alipe na alipe kiasi gani. Mmoja aliogopa kupigiwa kura kwenye mafuta, mwingine aliogopa kupigiwa kura kwenye pochi.

Wakakutana kwenye mabano.

Mwaka uliofuata, 1996, mawaziri walikutana Geneva wakaandika tamko la kutaka malengo yenye nguvu ya kisheria. Halikupitishwa. Mkutano "ulilizingatia" tu, kwa sababu nchi chache zililipinga. Hapo matokeo ya Berlin yalikuwa yameshaanza kuonekana.

Sisemi kanuni moja ndiyo iliyochoma makaa ya mawe. Waliochoma ni wachomaji. Ila tazama ilivyokwenda. Makaa ya mawe yalitajwa kwa mara ya kwanza katika uamuzi wa mkutano huu mwaka 2021, Glasgow. Wito wa kuondokana na nishati ya kisukuku kwa ujumla wake, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe, ulisubiri hadi Dubai mwaka 2023, miaka 28 baada ya Berlin. Katika muda huo hewa ukaa inayotokana na nishati hiyo ilipanda kutoka takriban tani bilioni 23 kwa mwaka hadi zaidi ya bilioni 37. Kituo cha Mauna Loa, Hawaii, kilipima sehemu 361 hivi za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa mwaka 1995. Mwaka 2024 zilikuwa zaidi ya 420.

Daktari anayekatazwa kuutaja ugonjwa kwa miaka 28 hawezi kuandika dawa.

## Nani anaisikia nyundo

Bila kura, yanabaki maafikiano. Na maafikiano hayajafafanuliwa popote katika mkataba huo. Desturi ya Umoja wa Mataifa ni kwamba yapo pale ambapo hakuna anayepinga rasmi. Lakini anayeamua kama pingamizi lipo ni mtu mmoja, aliyekaa mbele, mwenye nyundo mkononi.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko penginepo.

Copenhagen, 2009. Viongozi wachache, wakiwemo wa Marekani, China, India, Brazil na Afrika Kusini, waliandika makubaliano yao chumbani, kisha yakaletwa ukumbini usiku wa manane. Tuvalu, Bolivia, Venezuela na Sudan zilikataa. Pingamizi zao zikahesabika, na mkutano "ukayazingatia" makubaliano hayo bila kuyapitisha.

Cancún, mwaka mmoja baadaye. Bolivia ilipinga tena, safari hii peke yake. Patricia Espinosa, waziri wa mambo ya nje wa Meksiko aliyekuwa rais wa mkutano, akaeleza kwamba maafikiano hayana maana ya kila mmoja kukubali, wala hayaipi nchi moja kura ya turufu. Akagonga nyundo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Tofauti kati ya miaka hiyo miwili haimo katika kanuni yoyote. Imo katika idadi ya wapingaji, hali ya ukumbi, uchovu wa watu na ujasiri wa aliyeshika nyundo.

Paris, 2015. Nikaragua ilitaka kusema kabla ya uamuzi. Laurent Fabius, rais wa mkutano, akagonga kwanza, Nikaragua ikasema baadaye.

Kisha Dubai, asubuhi ya tarehe 13 Desemba 2023. Rais wa mkutano, Sultan Al Jaber, ambaye pia ndiye mkuu wa kampuni ya taifa ya mafuta ya Abu Dhabi, alipitisha uamuzi mkubwa dakika chache tu baada ya kikao kuanza. Makofi, kukumbatiana, simu juu. Ndipo Anne Rasmussen wa Samoa, aliyezungumza kwa niaba ya nchi 39 za visiwa vidogo, akaomba nafasi. Alisema wamechanganyikiwa kidogo kuhusu kilichotokea. Uamuzi umegongewa nyundo na watu wa visiwa hawakuwamo ukumbini. Walikuwa bado wanashauriana juu ya maandishi hayo. Alisema kwamba mabadiliko ya mwelekeo yanayohitajika hayajapatikana.

Ukumbi ulisimama. Makofi yake yalikuwa marefu.

Uamuzi ulibaki kama ulivyo.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na kila mara inanichoma. Watu wale waliosimama waliheshimu kilichosemwa, sina shaka. Lakini hakuna kipengele cha ajenda ambacho makofi yanaweza kukifungua tena. Nchi ambazo bahari inapanda kwenye makaburi yao zilisikilizwa kwa heshima kubwa, baada ya jambo kwisha.

Mwaka uliofuata, Baku, ikawa zamu ya India. Lengo jipya la fedha, dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, lilipita, kisha mjumbe wake Chandni Raina akapewa nafasi ya kueleza kwamba waliomba kusema kabla ya nyundo na hawakusikilizwa.

Bolivia, Nikaragua, Samoa, India. Sijaona mwaka ambao nyundo iligongwa juu ya pingamizi la wazi la Marekani au la Saudi Arabia.

Urusi ndiyo inayofundisha zaidi. Doha, mwaka 2012, rais wa mkutano, Abdullah bin Hamad Al-Attiyah, alipitisha mfululizo wa maamuzi haraka haraka huku kibao cha Urusi kikiwa juu. Juni 2013, Bonn, Urusi pamoja na Belarus na Ukraine zikakataa ajenda ya kamati moja ya utekelezaji isipoingizwa hoja ya jinsi maamuzi yanavyofanywa. Kamati hiyo ilipoteza majuma mawili yote bila kuanza kazi. Watu waliikasirikia Urusi, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa la kweli, na jibu lililoonekana ni hili: ukimruka mwenye nguvu utamlipa mwaka ujao. Ukimruka mnyonge, atapata makofi.

## Kura inapokuwa nyuma ya mlango

Penginepo mambo huenda tofauti. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ile ya kulinda tabaka la ozoni, ina kura. Juhudi za maafikiano zikigonga mwamba, marekebisho ya viwango vya kemikali zinazodhibitiwa yanaweza kupitishwa kwa theluthi mbili, mradi wamo wengi wa nchi tajiri na wengi wa nchi zinazoendelea. Hakuna kundi linaloweza kulimeza jingine. Na kwa miaka yote hii maamuzi yake makubwa yamepita kwa maafikiano, hata yale ya Kigali ya Oktoba 2016 ya kupunguza gesi za majokofu na viyoyozi, ambazo hupasha dunia joto mara nyingi kuliko hewa ukaa. Kura haikupigwa. Ilitosha kwamba ipo, na kila anayekataa anajua wenzake wana njia nyingine.

Machi 2023 ikawa hivyo hivyo New York. Vanuatu, ikisukumwa na wazo lililoanzia kwa wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, ilipeleka azimio Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuomba maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Zaidi ya nchi 100 ziliunga mkono. Baraza Kuu hupiga kura kwa wingi, na kila mtu alijua hesabu ilivyokaa. Hakuna aliyeomba kura. Azimio likapita kwa maafikiano, na Julai 23, 2025 majaji walisema kwa kauli moja kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kuzuia madhara kwa tabianchi, na kwamba kushindwa kudhibiti gesi joto, ikiwemo kupitia uzalishaji na ruzuku za nishati ya kisukuku, kunaweza kuwa kosa katika sheria za kimataifa.

Je, swali hilo lingepita katika mikutano ya tabianchi yenyewe? Siamini hata kidogo.

## Shaka ya London

Hapo nilikuwa karibu kufunga makala hii nikiwa upande wa kura. Halafu nikaikumbuka London.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO), lenye makao yake London, lina kura. Meli hutoa karibu asilimia 3 ya gesi joto duniani, na Aprili 2025 mpango wa kuzitoza zile zinazochafua kupita kiwango uliidhinishwa kwa kura 63 dhidi ya 16. Ulibaki kupitishwa rasmi mwezi Oktoba. Kabla ya kikao hicho, mawaziri wa Marekani walitangaza hadharani kwamba nchi zitakazouunga mkono zinaweza kukabiliwa na vikwazo vya viza, ada za bandari na adhabu nyingine. Saudi Arabia ikatoa hoja ya kuahirisha kwa mwaka mmoja. Hoja ikashinda kwa kura 57 dhidi ya 49, nchi 21 zikajizuia.

Kura ilipigwa, na kura ikashindwa.

Jambo hili lilinisumbua kuliko yote. Kwenye maafikiano, nchi ndogo inaweza kujificha katikati ya umati. Kwenye kura, ina jina, na mwenye jina anaweza kupigiwa simu usiku. Anayetegemea soko la mtu, mkopo wa mtu au viza za mtu hapigi kura kwa uhuru uleule. Unaweza kuhesabu vibao vyote ukumbini na bado usijue matakwa ya watu wa nchi hizo.

Kuna na hoja ya Bali. Kwenye mkutano wa tabianchi wa huko, Desemba 2007, Marekani ilikuwa imekataa maandishi yaliyokubaliwa na karibu wengine wote. Kevin Conrad, mjumbe wa Papua Guinea Mpya, akaiambia mbele ya dunia kwamba kama haiko tayari kuongoza, iwaachie wengine na ipishe njia. Muda mfupi baadaye Paula Dobriansky, aliyeongoza ujumbe wa Marekani, akatangaza kwamba wanajiunga na maafikiano. Kama kungekuwa na kura siku ile, Marekani ingeshindwa, ingekunja makaratasi na kwenda zake. Ni kwa sababu hapakuwa na kura ndiyo ikalazimika kubaki ukumbini mpaka ione aibu.

Na kushindwa kwenye kura hakumfungi anayeondoka. Kanada ilitangaza mwaka 2011 kujitoa Itifaki ya Kyoto, ile iliyozipangia nchi tajiri viwango vya kupunguza gesi joto. Marekani haikuiridhia kabisa itifaki hiyo, na imeutoka Mkataba wa Paris, ikarudi, kisha ikatangaza kutoka tena. Hakuna kura iliyowahi kufunga mgodi katika nchi isiyotaka kuufunga.

Hoja hizi ni nzito, na mtu anayezipuuza hajawahi kukaa nazo.

## Belém, na kile kisichoandikwa

Kilichonirudisha upande wa kura ni Belém, Novemba 2025.

Zaidi ya nchi 80 zilitaka mkutano uandike ramani ya kuondokana na nishati ya kisukuku, yaani hatua za kutekeleza kile kilichosemwa Dubai. Maandishi ya mwisho hayakuitaja nishati hiyo hata mara moja. Siku ya kufunga, Kolombia ilisimama kulalamika kwamba pingamizi lake limerukwa, na rais wa mkutano, André Corrêa do Lago, akalazimika kusimamisha kikao kwa muda. Kisha kikaendelea, na yaliyopitishwa yakabaki yamepitishwa.

Sasa linganisha na London. Kuhusu London, najua ni nchi 57 zilizotaka kuahirisha na 49 zilizokataa. Mwananchi wa mojawapo anaweza kumuuliza waziri wake: kwa nini? Mwandishi anaweza kuandika, mbunge anaweza kudai maelezo. Kuhusu Belém, hakuna ukurasa rasmi unaoonyesha nani alizifuta zile sentensi. Ziliingia katika vyumba vya mashauriano, zikatoka zimekatwa. Waandishi wa habari walikusanya majina kutoka kwa waliokuwamo, na waliotajwa wana nafasi ya kukana.

Kwangu mizani imelalia hapo. Najua kura haitapunguza tani hata moja ya hewa ukaa kwa nguvu yake yenyewe. Najua itashindwa mara nyingi, na kwamba vitisho vitafanya kazi. Lakini nchi inayokataa ikatae kwa jina lake, na nchi iliyotishwa iwe na ushahidi wa siku iliyobadilisha mkono wake. Miaka 30 ya maafikiano imetuachia maamuzi ambayo yanaonekana kama ya watu wote, na kwa hiyo hakuna mtu wa kuulizwa.

## Kifungu cha 15

Kuna njia, tena iko ndani ya mkataba wenyewe. Kifungu cha 15 kinasema mkataba unaweza kurekebishwa, na juhudi zote za maafikiano zikishindikana, marekebisho yapitishwe, kama hatua ya mwisho, kwa robo tatu ya wanachama waliopo na wanaopiga kura. Waliouandika mkataba walikubaliana juu ya kura hiyo kabla ya Berlin, kabla ya mabano.

Mwaka 2011 Papua Guinea Mpya na Meksiko walikiona kifungu hicho wakakitumia. Walipendekeza mkataba urekebishwe ili maafikiano yakishindikana kura iruhusiwe. Meksiko yenyewe huchimba mafuta na kuyauza nje, na ilikuwa imetoka tu kugonga nyundo ya Cancún, kwa hiyo ilijua inazungumzia nini. Pendekezo lao liliendelea kuonekana kwenye ajenda kwa miaka kadhaa, likiahirishwa kutoka mkutano mmoja hadi mwingine.

Ningependa zile nchi zaidi ya 80 za Belém zilichukue pendekezo hilo na kulipeleka hadi kwenye kura ya kifungu cha 15. Mkataba una wanachama 198. Wote wakiwepo na wakapiga kura, zitahitajika karibu 150, na 80 ni mbali na 150. Hata likipita, litazifunga zile tu zitakazoliridhia, na litaanza kufanya kazi baada ya robo tatu ya wanachama kuliridhia, jambo linaloweza kuchukua miaka. Huenda likaanguka siku ileile.

Likianguka, kutakuwa na orodha: nchi hizi zilitaka kura, nchi hizi zilikataa, nchi hizi zilijizuia. Mkutano huu haujawahi kutoa orodha ya namna hiyo, na mimi ningeisoma jina kwa jina.